Albamu ya pili na kosa la kuimba habari za kwenu

Mtayarishaji mmoja wa muziki, mwenye studio ndogo hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya, aliwaonya mbele yangu vijana wanne wa bendi ya magitaa wanaojiandaa kurekodi albamu yao ya pili. Walikuwa wamemletea wimbo unaoanza kwa midundo ya ing'oma, ngoma ya asili ya Kinyakyusa, wakamweleza kwamba safari hii wanataka kuimba habari za Uyole, za malori yanayoelekea Tunduma na za baridi ya mwezi wa saba. Akawajibu bila ukali: "Wadogo zangu, The Killers walifanya hivyo hivyo wakachekwa." Mfano wenyewe ni mzuri, ila nadhani ameusoma nusu.

The Killers, bendi ya pop roki iliyoanzishwa Las Vegas mwaka 2001, ilipata jina kubwa kwa albamu ya Hot Fuss ya mwaka 2004. Albamu ya pili ilitoka Oktoba 2006 kwa jina la Sam's Town, ambalo ni jina la hoteli na kasino iliyoko mashariki mwa Las Vegas, mbali na barabara maarufu ya watalii. Mwimbaji wao, Brandon Flowers, alikuwa na miaka 25, na kabla albamu haijafika sokoni alikwisha kutangaza kwamba ingekuwa miongoni mwa albamu bora za miaka 20 iliyopita.

Waliomlaumu hawakukosa sababu. Anayejipima kwa kipimo kikubwa hivyo hadharani hana haki ya kulalamika akipimwa kwa kipimo hicho hicho, na jarida la Rolling Stone lilimpimia nyota 2 kati ya 5. Wahakiki walisema kwamba kijana amevaa koti la Bruce Springsteen, mwimbaji mkongwe wa roki wa Marekani, tena halimtoshi; kwamba magitaa, vinanda na sauti za kiitikio vimerundikwa pamoja hadi wimbo unashindwa kupumua; na kwamba maneno yanazunguka kwenye vumbi, barabara na ndoto bila kumwonyesha msikilizaji mtu anayemfahamu. Hata hayo masharubu aliyoyafuga Flowers wakati ule yalihesabiwa kuwa sehemu ya maigizo. Nami nikiisikiliza leo nakubali kwamba zipo sehemu ambazo sauti inapanda juu pasipo na sababu ya kupanda, na kwamba vipande viwili vifupi, kimoja cha kumkaribisha msikilizaji na kingine cha kumuaga, ni madaha ya vijana.

Lakini hebu turudi kwenye albamu ya kwanza, ambayo wahakiki hao waliipenda. Jina lenyewe la bendi lilichukuliwa kwenye ngoma ya bendi ya kubuni iliyoonekana katika video ya New Order, kundi la Uingereza; kampuni iliyowasaini mwanzo ilikuwa ya Uingereza; vinanda vyake vilifuata nyayo za Waingereza wa miaka ya 1980, na hata matamshi ya mwimbaji yalielekea huko. Flowers ni mtoto wa Nevada, tena sehemu ya utoto wake ilipita Nephi, mji mdogo wa jimbo la Utah. Alipoimba kana kwamba amekulia Manchester, hilo lilihesabiwa kuwa werevu. Alipogeuza uso kuelekea jangwa lililomlea, akaambiwa anaigiza. Kuiga ugenini kuliitwa ubunifu, na kuiga nyumbani kukaitwa unafiki, ingawa mwigaji ni yule yule na kipaji ni kile kile.

Mtayarishaji wetu aliniambia kwamba Springsteen si wa Nevada, ni wa New Jersey, upande wa pili kabisa wa Marekani, kwa hiyo hata "nyumbani" kwa Flowers kulikuwa kwa kuazima. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, Mmarekani anayeimba habari za barabara na miji midogo atalikwepaje jina la Springsteen? Ni sawa na kumlaumu mpiga solo wa dansi wa Kitanzania kwa kuwa vidole vyake vinamkumbusha msikilizaji Mbaraka Mwinshehe. Lugha ya kusimulia nyumbani huwa imekwisha kuzungumzwa na waliotangulia. Kilicho cha bendi hii ni bango la kasino ile, ambalo mpiga besi wao, Mark Stoermer, alikuwa akiliona kutoka dirisha la chumba chake utotoni, na bango hilo halikuazimwa kwa mtu.

Kuna takwimu moja ambayo imenisumbua kwa muda mrefu. Mwaka 2009, wasomaji wa jarida lile lile la Rolling Stone waliichagua Sam's Town kuwa albamu iliyodharauliwa kuliko zote katika muongo ule. Mashabiki huinukuu kura hiyo kama hukumu ya rufaa, nami nilikuwa nikifanya hivyo. Lakini albamu iliyouza nakala 315,000 Marekani katika wiki ya kwanza, ikashika nafasi ya 2 huko na ya 1 Uingereza, ilidharauliwa na nani? Wanunuzi hawakuidharau. Aidha, kura ya wasomaji hupigwa na wenye mapenzi, nao wasio na mapenzi hawahangaiki kupiga kura. Hivyo haithibitishi kwamba albamu ni nzuri. Inachoonyesha ni kidogo zaidi, ila kwangu kinatosha: miaka mitatu baada ya kicheko, watu walikuwa bado wanakasirika kwa niaba yake, na albamu mbovu haimkasirishi mtu kwa miaka mitatu. Ni kweli kwamba mauzo yake hayakufikia ya Hot Fuss, na hilo ndilo mtayarishaji alilolishikilia.

Anayo haki ya kulishikilia. The Killers walikuwa na fedha za albamu ya kwanza za kugharimia ukaidi wao, ilhali hawa wa Uyole albamu yao ya kwanza iliuzwa kwenye flashi pale stendi. Redio hupiga kile ambacho sikio limekwisha kukizoea. Ila ninachokiona Mbeya ni kile kile walichokifanya wahakiki wa 2006: kijana akichukua amapiano ya Afrika Kusini anasifiwa kuwa anakwenda na wakati, lakini akiingiza ing'oma anaulizwa kama anajiandaa kupokea viongozi uwanja wa ndege wa Songwe. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na wengi wa wasanii wetu lafudhi yao huishia njiani.

Mwaka 2016, albamu ilipotimiza miaka 10, The Killers walirudi kwenye kasino ile ile na kuipiga yote. Nilimweleza mtayarishaji habari hiyo, akacheka, akasema kasino inalipa. Kisha akawafungulia vijana wimbo wao aliokuwa ameuchanganya usiku, na ing'oma ilikuwamo, ila kwa mbali sana, kama inapigwa ng'ambo ya mto. Mpiga ngoma akamwomba aipandishe kidogo. Akaipandisha, kidogo.