Wiki Moja kwenye Bahari Isiyokupwa

Asubuhi ya kwanza ya safari yangu ya chombo huko Uturuki niliamka mapema nikatoka kutazama maji yamefika wapi. Ni mazoea. Aliyezaliwa Kilwa Kivinje haanzi siku bila kujua kama maji yanajaa au yanakupwa, maana kila kitu kinafuata hapo: mashua kutoka, wavuvi kurudi, kina mama kwenda kuchokoa pweza. Ubavuni mwetu palikuwa na mwamba wenye mstari mweupe wa chumvi, na jana yake jioni maji yaliishia kwenye mstari ule. Asubuhi yalikuwa palepale. Mchana palepale. Bahari ya Mediterania karibu haikupwi, ni sentimita chache tu. Kwetu siku za bamvua maji yanashuka mita 3 hivi, mkondo unabaki tope na mizizi ya mikoko. Siku mbili nzima nilikuwa kama mtu aliyeingia nyumba ambayo saa ya ukutani imesimama.

Naishi Bremen mwaka wa kumi na tatu sasa. Mwenzangu kazini, Mturuki aliyezaliwa hukohuko Ujerumani, ana shemeji yake mwenye guleti Bodrum, mji wa pwani ya Uturuki, na kwa miaka mitatu alikuwa akiniambia, "Wewe mtu wa pwani, njoo uone bahari yetu." Mwaka huu nikajikaza nikalipa. Wiki moja: Bodrum, kisha Knidos kwenye ncha ya rasi ya Datça, kisha kuingia ndani ya ghuba ya Gökova hadi kisiwa cha Sedir, na kurudi. Guleti ni chombo cha mbao chenye tumbo pana, tezi la mviringo na milingoti miwili. Nilipokanyaga sitaha na kusikia mbao zikilia chini ya miguu, harufu ya msonobari na varnishi ikanipanda puani, moyo ulinienda mbio. Ilikuwa kama nimekutana na ndugu wa jahazi la ami yangu, aliyekuwa akipakia boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji.

Kabla ya kung'oa nanga tulipelekwa kwenye makumbusho ya mambo ya kale ya chini ya bahari, ndani ya ngome ya Bodrum. Hapo ndipo safari yangu ilipogeuka.

Mwaka 1982 mzamiaji wa sponji aitwaye Mehmet Çakır aliibuka baharini karibu na Kaş akasema ameona chini "biskuti za chuma zenye masikio". Wataalamu walielewa mara moja, kwa sababu walikuwa wamezoea kuzunguka vijijini kukaa na wazamiaji, kuwaonyesha michoro ya vipande vya shaba vya zamani na kuwauliza wameona nini. Pale Uluburun, zaidi ya mita 40 chini, palikuwa na merikebu iliyozama katika karne ya 14 kabla ya Kristo. Walizamia tangu 1984 hadi 1994, zaidi ya mara 22,000. Wakatoa tani 10 za shaba, tani moja ya bati, mikate ya kioo cha buluu, pembe ya ndovu, meno ya kiboko, maganda ya mayai ya mbuni. Na magogo ya mti mweusi.

Nilisoma maelezo ya magogo yale mara tatu. Wamisri wa kale waliuita mti ule kwa jina ambalo Wazungu wamelifanya ebony, lakini wataalamu walipoupima wakakuta ni mpingo. Mpingo huu huu, uliojaa kwenye misitu ya vijiji vya Kilwa, wanaouchonga vinyago Wamakonde, unaotengenezewa zumari za Ulaya. Sisemi magogo yale yalitoka kwetu. Mpingo unaota sehemu nyingi za Afrika, na yale yalipitia Misri. Lakini nilisimama kwenye ngome ya Bodrum, mbele ya mzigo wa miaka 3,300, nikakuta kitu ambacho bibi yangu alikuwa nacho jikoni: mchi wake ulikuwa wa mpingo. Machozi yalinitoka. Mwenzangu alidhani naumwa.

Wenzetu kule walimsikiliza mzamiaji. Hilo ndilo limenifanya niandike. Yule mtu hakuwa msomi wa mambo ya kale, alikuwa mtu wa kazi ya bahari, na jina lake limebaki kwenye kumbukumbu za ugunduzi ule mkubwa. Nikajiuliza, wavuvi wa Kilwa, wa Mafia, wa Somanga wanaojua kila mwamba na kila mahali nyavu zinaponasa, ni nani amekwenda kukaa nao na michoro mkononi?

Knidos tulifika jioni. Ni mji wa kale uliokaa baina ya bandari mbili, ndogo ya manowari na kubwa ya biashara, ukuta wa gati la zamani bado unaonekana majini. Hapa ndipo alipotoka Sostratos, anayetajwa kuwa mjenzi wa mnara wa taa wa Aleksandria. Sanamu ya Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi wa Wagiriki, aliyoichonga Praxiteles, iliyokuwa ikivuta wasafiri hadi hapa, imepotea siku nyingi. Umebaki msingi wa mviringo, nyasi kavu na upepo. Simba wa marumaru aliyekuwa juu ya kaburi jirani alichukuliwa na Waingereza karne ya 19, na yuko London mpaka leo. Nahodha aliponieleza habari hiyo uso ulimbadilika. Nikamwambia sisi mjusi wetu wa Tendaguru, dinosaria aliyechimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, yuko Berlin, mwendo wa treni kutoka ninapoishi. Tukanyamaza wote wawili, tunaelewana.

Kesho yake nilimkuta amekaa tezini na kiboti cha mbao cha kushukia pwani, amekipindua. Ana nyundo ya mti na patasi butu, na uzi wa pamba aliousokota kwenye paja. Anausukuma kwenye ufa baina ya mbao mbili, anagonga mara mbili, anasogea kidole kimoja, anagonga tena. Nilikaa kitako bila kukaribishwa. Nikamwambia kwa Kiswahili tu, maana ndilo neno nililokuwa nalo, "Kalafati." Akainua kichwa. "Kalafat," akasema, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Bodrum. Akanipa nyundo.

Neno ni hilohilo, mkono ni huohuo. Ami alikuwa akifanya vivyo hivyo, chombo kikiwa kimeegemezwa mchangani maji yakiwa yamekupwa, kisha chini akipaka deheni na juu sifa ya papa, harufu ikikaa kwenye nguo wiki nzima. Nahodha alinieleza kwamba mafundi wa guleti Bodrum bado wana kazi, wageni ndio wanaowalisha. Ami alikufa bila mwanafunzi. Wanawe wote wako Dar, mmoja bodaboda, mmoja duka la simu.

Nisifiche kilichonikera. Siku za mwanzo injini haikunyamaza, matanga yamefungwa kwa vifuniko kama fanicha ya nyumba iliyohamwa. Niliambiwa wageni wengi hawapendi chombo kulala upande. Tulipogeuza omo kuingia ghuba ya Gökova, upepo wa kiangazi wanaouita meltemi ukatukaa mgongoni, nikashindwa kuvumilia, nikamwomba nahodha. Akatazama abiria waliolala juani, akatazama upepo, akamwita baharia wake. Nilishika demani, kamba ile ya kuongozea tanga, mwenyewe. Lilipojaa na injini kuzimwa, sauti ya maji ubavuni ikasikika, na watu wakaanza kuamka mmoja mmoja bila kuitwa, wakakaa kutazama. Saa moja na nusu. Ulikuwa muda bora wa wiki ile yote.

Kitu kingine ni chakula. Mabaharia watatu walikuwa wakitupikia vizuri sana, samaki, biringani, nyanya zenye ladha ya kweli. Lakini wao walikula baadaye, wamejibanza omo. Siwalaumu, ndiyo kazi yao na ndiyo desturi ya biashara ile. Ila kwetu nahodha hukaa kwenye sinia moja na aliyembeba, awe tajiri awe mwanafunzi, na mkono wake ndio unaokusogezea kipande cha nguru. Miaka kumi na tatu ughaibuni sijapata badala ya jambo hilo. Nina bima, nina mshahara unaoingia tarehe ileile, treni inakuja kwa saa. Anayenisogezea kipande cha samaki sina.

Sedir ni kisiwa kidogo chenye magofu ya mji wa kale wa Kedrai na ufuo mmoja mwembamba wa mchanga mweupe wa punje za mviringo. Watu husimulia kwamba mchanga uliletwa kutoka Misri kwa ajili ya Cleopatra. Ukweli ni kwamba punje zile zinajitengeneza zenyewe kwa chokaa. Hairuhusiwi kutandika taulo juu yake, na ukitoka unaoga kwanza mchanga usiondoke nawe mwilini. Niliona mama wa Kituruki anamwosha mtoto vidole vya miguu kimoja kimoja, kwa uangalifu, hakuna aliyemsimamia. Pale magofuni pia wengi walikuwa Waturuki wenyewe, familia na mabibi, na ile kadi yao ya mwaka ya kuingilia makumbusho ya serikali.

Ndipo nahodha akanisimulia safari hizi zilianzaje. Mwaka 1925 mwandishi Cevat Şakir Kabaağaçlı alihukumiwa kuhamishiwa Bodrum kwa sababu ya makala aliyoandika. Bodrum ya wakati huo ilikuwa kijiji cha wavuvi na wazamiaji wa sponji, mahali pa kumtupa mtu. Akapapenda, na adhabu ilipokwisha akarudi kuishi hapo. Baadaye akawa anatoka na rafiki zake, waandishi na wasomi, kwa mashua za wazamiaji wa sponji, wanalala juu ya sitaha, wanakula walichovua, wanashuka kwenye magofu na kusomeana habari zake. Wakaiita safari ya buluu. Biashara ya guleti ilikuja baadaye ikafuata nyayo zao.

Nimelifikiria jambo hilo tangu nirudi. Tumezoea kusema wenzetu wana fedha, wana matangazo, wana barabara. Lakini mwanzo wake ulikuwa kundi la marafiki na mashua ya kazi. Walitaka kuijua pwani yao kabla ya kumuuzia mtu.

Sisi tuna nini? Tuna Kilwa Kisiwani, aliyofika msafiri Ibn Battuta mwaka 1331. Tuna msikiti mkuu wenye makuba, na Husuni Kubwa ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman yenye birika la pembe nane juu ya jabali la bahari. Sultani huyo alipiga sarafu za shaba kwa jina lake, na moja ilikutwa Great Zimbabwe, mbali bara. Tuna Songo Mnara, mji mzima wa nyumba za mawe ya matumbawe uliofunikwa na mibuyu na miti ya porini. Vyote viwili vimo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981. Mwaka 2004 viliwekwa kwenye orodha ya vilivyo hatarini, bahari ikila kuta. Kazi ikafanyika, na 2014 vikatolewa humo. Watu wa Mediterania wenyewe walitujua zamani: karibu miaka 2,000 iliyopita mfanyabiashara wa Misri aliandika kwa Kigiriki habari za pwani yetu na soko lake la Rhapta, akataja vyombo vyake vilivyoshonwa kwa kamba. Mitepe ile.

Kufika si shida tena. Tangu daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 Rufiji haimzuii mtu, na kutoka Dar hadi Kilwa Masoko ni lami. Mwananchi halipi anacholipa mgeni. Unachukua kibali Masoko, unavuka. Kwa hiyo siwezi kusingizia bei wala njia, na nasema hili kwa uchungu kwa sababu linanihusu: Kisiwani nimekwenda mara moja, darasa la tano, na Songo Mnara sijawahi kukanyaga. Nimelipa nusu ya mshahara wa mwezi kwenda kuona magofu ya Knidos, na Songo Mnara, mji wa babu zangu, nimeuona kwa mbali tu, kutoka kwenye jahazi la ami, mtoto wa miaka tisa, akiuonyesha kwa kidole: "Kule walikaa watu."

Desemba nakwenda nyumbani na wanangu wawili waliozaliwa Bremen. Nimeongea na binamu yangu wa Kisiwani mwenye mashua. Nimemwambia sitaki injini, nataka watoto waende na kaskazi mgongoni hadi Songo Mnara, tushuke maji yakiwa yamejaa ili tusitembee topeni kwenye mikoko, tupike kwenye mashua, kisha turudi kwa kubisha hata kama itachukua siku nzima. Nimemwomba pia atafute mzee yeyote aliyebaki anayejua kutia kalafati, aje naye. Alinyamaza kidogo kwenye simu. Kisha akasema upepo upo, mzee yupo mmoja Pande, ila tanga la mashua yake yeye limechakaa, halitafika Desemba. Akanipa vipimo. Nimeviandika nyuma ya tiketi ya makumbusho ya Bodrum, na Jumamosi nakwenda kutafuta turubai.