Kicheko Kimo Ndani ya Fremu 14

Wengi wakisifia katuni fupi za zamani za Marekani husifia vurugu zake: baruti, nyundo, piano inayomwangukia mtu kichwani. Kwangu mimi vurugu ni rahisi, yeyote mwenye penseli ataichora. Kinachonivunja mbavu ni ule muda unaoachwa kabla ya kipigo.

Mchukue Wile E. Coyote, yule koyote (mnyama wa Marekani wa jamii ya mbwa) wa katuni, ambaye tangu 1949 anamfukuza ndege Road Runner na hampati. Lazima aanguke gengeni. Sisi tumebaki juu tunamchungulia. Anashuka, anakuwa mdogo, anageuka nukta, nukta nayo inapotea. Kimya. Halafu huko chini kabisa kinafuka kivumbi kidogo. Chuck Jones, aliyeziongoza katuni hizo, alisimulia kwamba koyote alihitaji fremu 18, yaani picha moja moja za filamu, kupotea machoni, na nyingine 14 kabla ya kutua. Zikiwa 13 hakuna anayecheka, zikiwa 15 vilevile. Filamu hupitisha fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo mzozo wote huo ni wa kupepesa jicho, tena halijafumba vizuri.

Utasema ni majigambo ya msanii. Mimi namwamini, maana hata kabla ya kuanguka pana kazi nyingine ya namna hiyo. Koyote amepitiliza ukingo, yuko hewani, na hana habari. Sisi tunajua. Anapapasa chini kwa mguu, hakuna kitu. Anatugeukia, anatukazia macho kama mtu aliyekutwa na deni, ndipo anakwenda. Ukiurefusha mtazamo ule tutaanza kumhurumia. Ukiufupisha, tumeona ajali tu.

Na hesabu hiyo haikufanywa mwishoni, kwenye uhariri. Kila mchoro ulikuwa gharama, na filamu nzima ilikuwa ya dakika 6 au 7 tu, hivyo mwongozaji aliandika kwenye karatasi kila kituko kitachukua fremu ngapi kabla wachoraji hawajaanza. Yaani alitakiwa alisikie pigo la kichekesho kichwani wakati bado hakuna kitu cha kutazama. Kwenye Tom and Jerry, iliyoanza 1940, Joseph Barbera alibuni vituko na kuvichora, William Hanna akapima muda. Ule ukelele wa Tom akibanwa mkia, unaopanda na kukatika ghafla, ni sauti ya Hanna mwenyewe. Aliyeshika saa ndiye aliyepiga kelele.

Tex Avery, mwongozaji mwingine wa katuni wa enzi hizo, alikuwa na mwendo tofauti kabisa. Katika Bad Luck Blackie ya 1949, buldogi anamtesa paka mdogo mweupe. Paka mweusi anampa yule mdogo kipenga. Akikipuliza tu, mweusi anamkatiza mbwa njia, na kwa kuwa Wamarekani wanamhesabu paka mweusi kuwa nuksi, kitu kinaanguka kutoka juu. Chungu cha maua, kwa kuanzia. Kimetoka wapi? Avery hajibu, wala hakupi nafasi ya kuuliza. Mwishowe buldogi anakimeza kipenga, anashikwa na kwikwi, na kila kwikwi inakipuliza: sinki, beseni la kuogea, rola ya barabara, ndege, basi, meli nzima. Hapo hatungoji tena kama kitu kitaanguka, tunangoja ukubwa wake tu. Jones anakunyima hewa kidogo; Avery anakumwagia mpaka unaomba akome. Nikilazimishwa kuchagua nitabaki na Jones, ingawa siku nikiwa nimechoka namtafuta Avery.

Kinachoniudhi ni klipu zinazozunguka kwenye simu. Mtu anaichukua Tom and Jerry, anakata ile sekunde ya kungoja kwa sababu ati "hakuna kinachotokea", anabakiza kipigo, kisha anabandika vicheko vya watu juu yake. Na ninyi ma-DJ wetu mnaotafsiri filamu kwenye vibanda umiza, ninaowavulia kofia kwenye filamu za Kihindi na za ngumi: baadhi yenu mkigusa katuni hamnyamazi. Koyote yuko hewani, bado hajaangalia chini, nanyi mmeshamsemea. Mwacheni kwanza aning'inie, jamani.