Uuguzi Kenya: wagonjwa wapo, ajira iko wapi?

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, wazazi wengi nchini Kenya humhimiza kijana wao asomee uuguzi, kwa sababu wagonjwa hawaishi. Kweli hawaishi. Lakini mgonjwa hamwajiri muuguzi. Mwajiri mkubwa ni kaunti, nayo huajiri kwa kadiri ya bajeti yake.

Tangu huduma za afya zigatuliwe kwa kaunti mwaka 2013, hapo ndipo wengi wanapokwama. Mhitimu wa KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, anafaulu mtihani wa Baraza la Wauguzi, anapata leseni, kisha anakaa nyumbani akingoja nafasi zitangazwe, na huku zahanati ya kijijini kwao ina muuguzi mmoja anayezalisha, anayechanja na kugawa dawa. Wengine wanashika lokamu, yaani kibarua cha zamu, kwenye hospitali za binafsi, leo zamu ipo, kesho haipo. Walioajiriwa mwaka 2020 chini ya mpango wa afya kwa wote walipewa mkataba, wakawa wanalipwa pungufu kuliko wenzao wa kudumu wanaofanya kazi ileile katika wodi ileile. Mwaka 2025 ilibidi wapige kambi nje ya Wizara ya Afya, Nairobi, kudai haki yao. Kabla ya hapo, mgomo wa wauguzi wa 2017 ulianza Juni ukaisha Novemba.

Hatari za kazi yenyewe huzungumzwa kidogo mno. Usiku wa manane muuguzi aliyechoka anamtoa damu mgonjwa asiyetulia, sindano inamdunga kidole. Anaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, anaandikisha tukio, anapimwa, anaanza dawa za kuzuia VVU kabla ya saa 72 kupita, kisha anazimeza siku 28 huku akiendelea na zamu. Nchini Uganda, mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa katika mlipuko wa Ebola wa Januari 2025 alikuwa muuguzi wa hospitali ya Mulago, na alikuwa ameshafariki.

Pamoja na hayo yote, kijana mwenye moyo wa kazi hii bado ningemwambia aende. Ujuzi wa kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya kulalia, au wa kugundua mama aliyejifungua anavuja damu kabla hali haijaharibika, hauchuji. Akiongeza utaalamu wa figo, chumba cha upasuaji au wagonjwa mahututi, atatafutwa. Ujuzi huo unavuka mipaka pia: Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kupeleka wauguzi mwaka 2021. Njia hiyo si nyepesi, maana mwaka huohuo waziri wa afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 tu ndio waliofaulu. Na asiyeondoka si kwamba amebaki nyuma. Anna Qabale Duba wa Marsabit alishinda tuzo ya kimataifa ya uuguzi mwaka 2022 kwa kazi aliyoifanya miongoni mwa watu wake.

Ninachokikataa ni kiongozi kuwajibu wauguzi wanaodai mshahara kwamba kazi yao ni wito. Wito haulipi kodi ya nyumba. Kaunti inayofungua zahanati mpya kwa shangwe iweke kwenye bajeti hiyohiyo mishahara ya watakaoifungua mlango kila asubuhi.