Pazia lilianguka, kodi bado haijaisha

Huenda ulimwona kwenye video. Dada anaunga kisamvu kwa karanga, jiko la gesi la plati moja, sufuria moja, na nyuma yake pazia la maua linateleza polepole mpaka chini. Kinatokea kitanda cha futi nne kwa sita, hakijatandikwa, juu yake beseni la nguo zilizoanuliwa na begi la shule la mtoto. Dada anaendelea kukoroga, hana habari.

Huyo dada ni mimi.

Pazia lile lilikuwa limening'inia kwenye waya na misumari miwili. Plasta ya chumba changu ni mchanga mwingi na saruji ya kuonjesha, msumari haukai hata ukiubembeleza. Niliona wakati wa kuhariri kwamba limeanguka. Lakini kisamvu kilichemka saa nzima, gesi ilikuwa inaishia, na nilikuwa sina kingine cha kutwanga. Nikairusha hivyo hivyo. Nilidhani watu watacheka.

Walicheka kweli, kama nusu saa. Halafu likaja la kwanza: "Kumbe unapikia chumbani?" Likafuata: "Mtu hana hata jiko anatufundisha maisha." Likafuata la kitanda, kinalaza wangapi. Kuanzia hapo yalishuka mpaka kwenye maneno ambayo mwanangu Nasri, aliye darasa la tatu na anasoma vizuri kuliko ninavyotaka, alinisomea kwa sauti akiuliza maana yake. Lililorudiwa kuliko yote halikuwa tusi hata kidogo. Lilikuwa swali: "Kodi umelipa?" Wakalifanya kiitikio. Nikipika maharage, kodi umelipa? Nikimenya vitunguu, kodi umelipa? Sikukuu nikaweka picha ya Nasri na kanzu mpya, kodi umelipa?

Kodi ya chumba nilikuwa nimelipa. Na hapo ndipo penye hoja yangu yote leo.

Wanaotaka kukufariji huwa na sentensi moja: ukipenda kamera, vumilia maneno. Nimeisikia kwa shangazi, nimeisikia kwa fundi simu, nimeisikia kwa mchungaji. Inadhani kila anayejirekodi ana mahali pengine pa kwenda akizima simu. Wapo wenye mahali hapo. Wana studio, wana geti, wana mlinzi anayesema bosi hayupo. Sisi wengine chumba ndicho studio. Elsa Majimbo, yule binti wa Nairobi, mwaka 2020 aliichekesha dunia akiwa nyumbani tu na krispi zake na miwani midogo. Baadaye aliposema hadharani kwamba Wakenya wenzake hawakumuunga mkono, akashambuliwa upya kwa kulisema. Yeye alikuwa maarufu. Mimi nina wafuasi elfu kumi na nane na ndoo mbili za maji. Lakini jambo moja tunafanana: ukijirekodi unapoishi, anayekutukana ameshaingia ndani, anajua rangi ya ukuta na dirisha liko upande gani.

Siku ya nne mtu mmoja aliandika: "Hilo tangi jeusi la dirishani nalijua, na huo mwembe. Ni Tabata, nyuma ya mashine ya kusaga." Alikuwa sahihi. Jumamosi yake, kama saa kumi jioni, nilikuwa naosha vyombo uani nikasikia sauti ya kiume inamuuliza jirani yangu: "Eti yule dada wa kisamvu anakaa hapa?" Kistaarabu kabisa. Jirani, Mungu ambariki, akasema hamjui. Mimi nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya tangi hilo hilo, mikono ina povu, nahesabu hatua kutoka pale hadi mlangoni kwangu. Ni nne.

Usiku ule nilitaka kuhama. Sasa njoo tupige hesabu ya kuhama Dar es Salaam.

Chumba changu ni 120,000 kwa mwezi, choo cha kuchangia. Kodi ni miezi sita kwa mkupuo: 720,000. Dalali huchukua mwezi mmoja: 120,000. Hela ya kupelekwa kuona chumba, 10,000, hata kama chumba chenyewe kimejaa maji. Jumla 850,000 kabla hujakodi kirikuu cha kubebea godoro. Mimi nilikuwa nimebakiza miezi mitatu na nusu. Hiyo ni 420,000 iliyo mkononi mwa mwenye nyumba, na kila mpangaji wa mji huu anajua kwamba kodi ikishalipwa hairudi. Ukihama katikati, umemwachia. Kwa hiyo ili nikimbie mtu aliyejua mlango wangu nilitakiwa nipoteze laki nne na ushee, halafu nitafute laki nane na nusu nyingine. Kwa kupika kisamvu.

Maana na hilo watu hawalijui. Wanaona watazamaji laki tatu wanadhani nimevuna. TikTok ina mpango wa kulipa waandaaji kwa kadiri video inavyotazamwa, ila Tanzania haimo kwenye nchi zake. YouTube inataka kwanza wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka, halafu hela isubiri ifike dola 100 ndipo itumwe. Ninachokula mimi ni matangazo ya wauza viungo na wauza masufuria, elfu thelathini, elfu hamsini, nyingine nalipwa kwa sufuria. Video ya pazia, iliyotazamwa kuliko zote nilizowahi kutengeneza, iliniingizia sifuri. Matusi yote yale yalikuwa yanaisukuma juu, kwa sababu mtandao hauulizi umeandika nini, unaona tu kwamba watu wanaandika. Mwenye mtandao kapata. Mimi nimepata mgeni getini, na geti lenyewe sina.

Kituoni nilikwenda. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumsumbua, na adhabu yake si ya kitoto: faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Nilikinakili kwenye karatasi kabisa. Afande wa zamu aliitazama video mpaka mwisho, akacheka pazia lilipoanguka, akaniambia: "Dada, si uifute tu?" Karatasi yangu nikaikunja.

Nikarudi nikajaribu kichujio. Instagram ilikiweka mwaka 2021: unaandika maneno usiyotaka kuyaona, yanafichwa. Hakuna aliyenieleza kwamba kichujio hakijui Kiswahili cha mtaani, kwa hiyo orodha unaiandika mwenyewe. Basi nikakaa kitandani, kitanda hicho hicho maarufu, Nasri kalala, naandika kwa kidole changu kila neno nililoitwa. Moja baada ya jingine. Halafu unakumbuka wanaweka alama katikati ya herufi, unaliandika tena kwa namna ya pili, na ya tatu. Sijawahi kujitukana hivyo maishani. Mwishoni kabisa nikaongeza "kodi".

Katika kuwafungia watu nilifungua ukurasa wa mmoja, wa yale ya kitanda. Picha ya juu amembeba mtoto mchanga. Nyuma yao ukuta wa rangi ya krimu umepasuka kama wangu, godoro limesimamishwa pembeni kupisha nafasi, na ndoo ya rangi ndiyo meza. Nilimtazama muda mrefu. Wapo watakaosema huyu ana machungu yake, ana hasira na kodi yake, nimwonee huruma. Sikumwonea. Kupanga si ugonjwa unaomtoa mtu matusi bila yeye kupenda. Jirani yangu wa mlango wa pili anadaiwa miezi miwili na bado alisema hanijui.

Ila nimejiuliza kwa nini tusi la kodi ndilo lilikaa. Nadhani kwa sababu huku kwetu mpangaji hahesabiki kuwa mtu kamili mpaka ajenge. Ukipiga hodi ukweni, swali la tatu ni una kiwanja wapi. Kila mtu ana kiwanja chake cha ndotoni Vikindu au Chanika, ishirini kwa ishirini, kalipia nusu, nusu anamalizia kwa awamu. Nami ninacho. Sijamaliza kukilipia na tayari nina tofali mia mbili zimelundikwa kwa mlinzi wa jirani, kila moja 1,400, nyasi zinaota juu. Vyumba viwili na sebule vinataka tofali elfu mbili na zaidi, yaani karibu milioni tatu kabla ya nondo, kabla ya kupaua, kabla ya bati. Benki? Nilikwenda mara moja. Wakataka hati ya mshahara. Nikamwonyesha kijana wa dirishani ukurasa wangu. Akanifuata. Mkopo hakunipa. Na hata wenye hati za mshahara, riba ya mikopo ya nyumba nchini imekuwa ikicheza kwenye asilimia 13 hadi 19 kwa mwaka; hesabu hiyo wengi wanaiachia njiani. Kinachoniudhi ni kwamba serikali inatuona vizuri tu inapotaka. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilianza kudai leseni kwa blogu na televisheni za mtandaoni, gharama zake zikapita shilingi milioni mbili. Mwaka 2024 ikaja kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hela haijakufikia, asilimia 5 ya malipo ya mwandaa maudhui. Kwa hiyo kwenye kukatwa ni mfanyabiashara. Kwenye kukopa ni dada mwenye simu.

Mama mwenye nyumba alinishukia wiki ya pili. Mtandaoni hayumo, lakini ana mwana Kibaha. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anaangalia jiko langu.

"Mama Nasri, kumbe humu ndani kuna biashara?"

"Napika tu mama, kama siku zote."

"Mwanangu kaniambia umeonekana nchi nzima. Biashara ina bei yake. Na watu wanaulizia nyumba yangu, mimi sijazoea." Akataja 150,000, kuanzia kodi ijayo.

Nilikasirika, kisha nikamuuliza jambo nililotaka kumuuliza siku zote: kwa nini miezi sita? Kwa nini si mwezi mwezi, kama mshahara wa mtu? Akanionyesha kwa kidevu vile vyumba vya uani ambavyo havijaezekwa. "Bati za pale zimetoka wapi? Kodi yako na ya mama Rehema. Mwezi mwezi ningenunua bati ngapi mimi? Moja moja?"

Sikuwa na jibu la haraka. Yeye pia benki haimjui. Alijenga kidogo kidogo miaka kumi na saba tangu mumewe afariki, na kodi ya mkupuo ndiyo mkopo wake, ila anakopeshwa na sisi tulio na hali mbaya kuliko yake, bila riba na bila karatasi. Namwelewa. Bado nasema ni dhuluma. Ile sheria ya 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo viongozi wanalisema sana jambo la miezi sita kwenye mikutano, watu wanapiga makofi, na dalali anasubiri wamalize ili akupeleke kuona chumba.

Ninachotaka kinaandikika kwenye mistari miwili. Kodi ilipwe mwezi kwa mwezi, au ikizidi sana miezi mitatu, na mpangaji akilazimika kuondoka, miezi ambayo hajakaa irudishwe. Wenye nyumba watasema tunawaua. Basi serikali iwatafutie mkopo wa bati, kwani ni lazima bati zao zitoke kwangu? Wanaharakati wa mtandao salama wanatufundisha kubadilisha nywila na kuficha mahali ulipo, na ni sawa, nimefanya yote mawili. Lakini mwanamke aliyetishwa anahitaji uwezo wa kuondoka usiku huo huo, na mji huu unatufunga kwa sita sita. Wapo wanaokaa hivyo na mume anayewapiga, kwa sababu kodi inaisha Desemba. Yangu ni matusi tu na mtu mmoja aliyeuliza kistaarabu.

Hakurudi tena, kwa taarifa yenu. Pazia nimelifungia kwenye fimbo ya chuma niliyoipitisha juu ya kabati, halianguki. Sasa narekodi nimegeukia ukutani, dirisha nyuma ya kamera, na mnaolalamika kwamba mwanga umekuwa mbaya, ndiyo sababu.

Juzi asubuhi nilifungua kile kikasha cha yaliyofichwa, sijui nilikuwa natafuta nini. Katikati ya uchafu ule nikakuta ujumbe wa wiki tatu nyuma: "Dada pole sana. Kuna chumba Kinyerezi kwa mama yangu, kodi 100,000 analipwa mwezi mwezi, hana shida na mapishi. Kama unahitaji nipigie." Ulikuwa na neno "kodi" ndani yake. Nikapiga hapo hapo, sijanawa uso. Yule dada akasema pole, mama alisubiri wiki mbili, Jumamosi akampa mtu.

Nikalitoa neno "kodi" kwenye kichujio saa ile ile. Kufika adhuhuri walikuwa wameshaniuliza mara kumi na moja kama nimelipa.