Usinionyeshe V8, Nionyeshe Breki

Wiki iliyopita hapa Morogoro nimeona Land Rover 109, pikapu ya Series III, iliyofufuliwa uani na mwenyewe akisaidiana na fundi mmoja wa kuchomelea. Rangi safi, bodi imenyooshwa vizuri. Chini ya boneti kumekaa 1UZ-FE, ile V8 ya Toyota ya lita 4 iliyotoka na Lexus LS 400 mwaka 1989. Watu wameizunguka, simu juu, swali ni moja: ina nguvu za farasi ngapi? Mimi nikainama kuchungulia nyuma ya tairi la mbele. Breki za drami, zisizo na diski. Zile zile za kiwandani. Na mwenyewe, amejaa furaha, ananiambia mwezi ujao anaipeleka Iringa.

Kwenda Iringa unapanda Kitonga, mlima mkali wa barabara hiyo. Kurudi unaishuka.

Nilirudi nyumbani nimekasirika, na hasira haijaisha. Na mimi ninajenga 109, kwa hiyo naijua raha ya kazi hii. Unainunua imekufa shambani, imeota majani, unaigongagonga chasisi kwa nyundo kuanzia mbele kurudi nyuma: ngo, ngo, ngo, halafu ukifika karibu na kiungo cha nyuma sauti inakufa ghafla, pu. Ukichomeka bisibisi pale inazama hadi mpini, na udongo wa miaka arobaini unamwagika. Bodi ya aluminiamu inakudanganya kwamba gari ni zima, kumbe chuma kilichoibeba kimeshaliwa. Unakata, unachomelea bati jipya, unasubiri umeme utulie, unachomelea tena. Ni kazi nzuri kuliko zote ninazozijua. Ndiyo maana inaniuma kuona mtu ameifanya yote hiyo kwa uvumilivu, kisha akaruka sehemu inayomrudisha nyumbani.

Tuangalie watengenezaji wenyewe walifanya nini. Mwaka 1970 walipotoa Range Rover yenye V8 ya lita 3.5, waliipa koili springi na breki za diski kwenye magurudumu yote manne, na injini wakaiacha ipumue. Mwaka 1979 wakaichukua V8 hiyo hiyo wakaiweka kwenye 109, yenye springi za bapa na drami. Wakaibana hadi ikabaki na nguvu za farasi 91. Hawakuiachia yote. Diski za mbele na koili zilikuja mwaka 1983 na One Ten, mrithi wa 109. Mimi historia hiyo naisoma kama onyo. Sasa sisi tunaweka injini ya farasi 250 hivi juu ya breki zilizopangiwa injini ya petroli ya lita 2.25 yenye farasi kama 70, halafu tunapiga picha boneti.

Mwendo ukiongezeka mara mbili, kazi ya breki inaongezeka mara nne. Gari lililokuwa likijikongoja kwa 60 sasa linafika 120 bila jasho, na joto lote la kulisimamisha linaingia kwenye drami zile zile. Drami ikipata joto inatanuka, inaikimbia breki shu, na pedali inazidi kushuka. Fluidi ya breki nayo ina kikomo. Ile ya daraja la DOT 4 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 230, lakini inanyonya unyevu, na ikishalowa kikomo kinashuka hadi 155. Ikichemka inatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Unakanyaga hewa.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalifikirii. Injini ya zamani yenyewe ilikuwa breki. Ukiingiza gia ya pili mlimani, 2.25 ilikushika. 1UZ haikuwahi kutoka kiwandani na giaboksi ya kawaida, zote ni otomatiki, na otomatiki haikushiki vile mteremkoni. Kwa hiyo umeongeza mwendo, na papo hapo umepunguza kilichokuwa kinakuzuia.

Mimi nimeanzia chini. Nimechukua ekseli za Discovery ya kwanza, diski nne, nimehamisha vikalio vya springi na kuvichomelea upya. Difu zake zina uwiano wa 3.54, za 109 ni 4.7, kwa hiyo barabarani injini haitapiga kelele bure. Ni pana zaidi, matairi yanatokeza nje ya bodi, na itabidi nifunge kope kwenye mabawa kama za One Ten. Wapo watakaosema nimeharibu sura. Sawa, wana hoja kidogo. Masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, ni ya saketi mbili, maana 109 nyingi za zamani zina saketi moja tu: bomba moja likipasuka huna breki popote.

Jumamosi tulitoa hewa kwenye breki. Binti yangu juu kwenye pedali, mimi chini na spana. Kanyaga. Shikilia. Achia. Kanyaga. Fluidi iliyobaki kwenye kalipa za mtumba ilitoka nyeusi kama kahawa, na mapovu ndani yake, kisha taratibu ikaanza kung'aa. Alipokanyaga, pedali ikagoma katikati ya safari yake, akasema, "Baba, imekuwa ngumu." Nikamwambia akanyage tena, nisikie mwenyewe.

Nakubali kwamba 109 ya mwendo wa 60, yenye injini yake ya asili, drami zilizorekebishwa vizuri zinaitosha shambani. Nakubali pia kwamba ile V8 inalia vizuri mno. Sterengi, rejeta, na kadi ya gari inayotaka namba mpya ya injini, hayo tutayazungumza siku nyingine.

Ila hoja ya kwamba ekseli za diski ni ghali siikubali. Hela ya injini ilipatikana. Hela ya rangi ilipatikana. Kama ya breki imekosekana, V8 ifunguliwe iwekwe chini ya turubai, 2.25 irudishwe, na gari liende Iringa kwa mwendo ambao drami zinauweza, hadi hela ipatikane.