Kipigo cha Saa Sita Usiku

Shemeji yangu anaendesha watalii Arusha. Kila kukicha kundi la familia la WhatsApp linaamka na picha zake: simba juu ya mti, chui na windo lake, tembo kaziba barabara nzima. Akishamaliza ananigeukia mimi. "Shem, huko kwenu vipi? Hata panya hakuna?"

Huko kwetu ni Longyearbyen, visiwa vya Svalbard, Norwei, nyuzi 78 kaskazini. Nafanya usafi wa vyumba hotelini. Svalbard yenyewe haidai viza, ila ndege inapitia Oslo na Oslo inadai, na hayo niacheni nayo. Nilitafuta kamera iliyokwishatumika pamoja na stendi yake, nikaapa kumziba mdomo.

Majira ya baridi yalinidhalilisha. Jua linaaga mwishoni mwa Oktoba na pale mjini, kwa sababu ya milima, halionekani tena mpaka Machi. Desemba nikamvizia mbweha mweupe, nikapiga, nikatuma. Dada akauliza kama nilisahau kutoa kifuniko. Betri ikipigwa na ule ubaridi inazimika, kwa hiyo ya akiba unaitunza kwapani. Ukiingia ndani nako, lenzi inashika ukungu, unakaa unaitazama tu. Mwanga uliporudi nikapata rendia, wale wanaolivuta gari la Baba Krismasi. Wa Svalbard wana miguu mifupi na manyoya mengi, na wanajipitia mjini bila kumwogopa mtu. Nikatuma kwa mbwembwe zote. Shemeji akajibu, "Huyo ni mbuzi wa Dodoma kavaa koti la babu yake."

Dubu mweupe ndiye angekuwa dawa yake. Lakini sheria inataka umkae mbali mita 300, na kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni mita 500, na wanaotoka nje ya mji hubeba bunduki. Mimi bunduki naijulia wapi? Mbuga yangu inaishia mwisho wa mji, kwenye kile kibao cha tahadhari chenye picha ya dubu.

Bahati nzuri, upande huo huo wa mji kuna mabanda ya mbwa wa kuvuta sleji, yale magari ya thelujini yasiyo na magurudumu, na kiangazi bata wa baharini huja kutaga hapo hapo ukutani. Wana akili: mbweha anayetaka mayai atapitaje mbele ya mbwa wote wale? Nikasema bata si haba. Bata anayeatamia hatikisiki. Huyo hata mimi nitamweza.

Mwenzangu wa kazini, dada mmoja Mfilipino, akaniambia nikienda kule niinue kitu juu ya kichwa, fimbo hata ufagio. Nikadhani ananitania.

Nikatoka zamu, saa sita usiku, jua linawaka kama la saa tisa alasiri, maana kiangazi huku halizami. Bata yupo, kajikunyata, jicho moja wazi. Nikasimamisha stendi, nikaiseti kamera ijipige yenyewe kila baada ya sekunde mbili, nikarudi nyuma kumwachia nafasi. Hatua ya tatu nikasikia "krrriii!" na kitu kikanidonoa utosini.

Nilipoinua uso nikamwona: mweupe, kofia nyeusi, mdomo mwekundu umechongoka, mkia umegawanyika. Buabua! Gramu 100 tu za ndege. Huyu ndiye anayeruka kutoka kaskazini hii mpaka bahari ya kusini kabisa ya dunia na kurudi, kila mwaka, na bado ana nguvu za kunipiga mimi. Kumbe nilirudi nyuma kuelekea kiotani kwake. Akaita wenzake. Wakaja mke, majirani, na nadhani na mwenyekiti wa mtaa. Mmoja anadonoa, mwingine anakunya, na shabaha wanayo.

Hapo ndipo maneno ya Mfilipino yakaniingia. Ndege hawa hupiga kilicho juu kuliko vyote. Fimbo sina. Nikaikwapua stendi, nikainyanyua juu kwa mikono miwili, kamera ikiwa kileleni bado inajipiga, tik, tik, tik, nikatimua mbio barabarani huku nikipiga kelele kwa Kiswahili, "Naondoka! Si naondoka jamani!"

Mbele yangu basi dogo likapunguza mwendo, likasimama kando. Limejaa watalii waliotoka kulitazama jua la usiku. Madirisha yakafunguka. Lenzi zikachomoza, ndefu kuliko yangu. Dereva akageukia abiria, akawa anawaeleza jambo kwa kunionyesha kidole. Nikajua kabisa anachokifanya, maana shemeji ndivyo anavyosimama akiona simba. Hakuna aliyeshuka kunisaidia. Nadhani walikuwa wanazingatia umbali wa kisheria.

Nyumbani nikaifuta kamera, nikafungua picha. Mawingu. Mawingu. Bawa. Upara wangu kutoka juu, ambao mpaka siku ile sikujua umefika wapi. Mawingu. Halafu lenzi nzima nyeupe, na si theluji.

Kesho yake nasukuma toroli la mashuka ukumbini, mama mmoja mtalii yuko na soksi zake (hapa viatu tunavua mlangoni, desturi ya tangu enzi za vumbi la makaa ya mawe). Akanitazama, akatazama simu, akanitazama tena. Akapiga ukelele wa furaha, akanionyesha. Picha kali kupita kiasi! Jua nyuma, manyoya ya buabua yanang'aa moja moja, mdomo umeachama, na chini yake mimi, mdomo umeachama zaidi, stendi juu.

Nikamwomba anitumie. Nikairusha kwenye kundi la familia bila neno lolote, nikakaa kusubiri.

Shemeji aliandika, akafuta, akaandika tena.

"Shem, hapo umeniweza. Ndege namjua. Huyo mwingine wa chini anaitwaje?"