Hapana, sikuangukia mbele ya altari

Kwa vile kuna mtu (anajijua, anaimba besi kwenye korale yetu) ameshatangaza Bukavu nzima, Kadutu mpaka Nguba, eti nilianguka mbele ya altari kule Kibeho, Rwanda, pale Bikira Maria alitokea, acha niseme mwenyewe. Nilianguka kwenye chai. Tena mbali kabisa na altari.

Mulioenda pelerinaji kwa mguu munajua hii kesi. Basi la kutoka Kamembe likimaliza msitu wa Nyungwe linapita Gikongoro kwanza, Butare iko mbele huko, kwa hiyo njia munaichagua mukiwa bado ndani, watu wamechoshwa na kona, mmoja anatapikia kwenye sashe. Besi anasema tushukie Butare, lami mpaka Kibeho, tunafika leo leo. Mimi nikasema lami ni ya magari, hujaji wa kweli anapanda vilima vya Gikongoro, anapita kwenye mashamba ya chai ya Mata, halafu tulale njiani, tuingie asubuhi ya tarehe 28 Novemba yenyewe, sikukuu ya Kibeho, tukiwa na nguvu. Walionifuata: wamama wawili wa Legio ya Maria, kile chama cha sala cha Wakatoliki. Na wao kulala walikataa. "Mwanangu, Bikira alitokea 1981, askofu akakaa mpaka 2001 ndio anakubali, na wewe tena unataka kumungojesha?"

Sasa Novemba, wapendwa, munajua mvua yake.

Wamama mbele, miguu chini, sapatu kichwani, wanasali rozari ya mateso saba ya Bikira Maria. Mimi nyuma na raba nyeupe mpya (muniache). Tuko kwenye teso la tatu, pale Maria anatafuta Mtoto, mguu wa kushoto ukaniaga. Polepole, yaani nilikuwa na muda wa kufikiri. Nikashika mti wa chai, ukang'oka. Nikashika mwingine. Nikakaa kwa makalio nikaanza kushuka, rozari mkononi, mdomo bado unasema "utuombee" maana wenyewe ulikuwa haujapata habari. Wachumaji wa chai na vikapu vyao mgongoni wakasimama wakanipisha, WAKANIPISHA, utadhani ni gavana anapita. Nikasikia praaa. Nikajua ni tawi. Nilipofika chini kwenye mufereji, upepo ukanieleza kwamba ni pantalo.

Kimya.

Halafu mzee mmoja, kwa heshima zote: "Mwihangane." Yaani pole.

Ndipo kilima kizima kikacheka, na wamama wangu wa Legio wakakaa chini kabisa kwenye tope wanajifuta machozi, teso la tatu liliishia hapo, Mtoto hatukumupata.

Mama mmoja akanifunga kikwembe chake, kile chenye picha ya Bikira, na picha ikakaa mahali ambapo siwezi kuandika. Tukafika usiku, watu wa lami wameshaoga, wameshakula, besi akaniona, telefoni mkononi, basi. Kesho yake kwenye misa nilipiga magoti na kuinuka nikashindwa, ndiyo hiyo anaiita kuanguka.

Sasa mama anadai kikwembe chake. Nani anapita paruwasi jumapili anipelekee? Besi usijibu.